Sahihi Niliyokataa Garissa

Siku ya chai yangu ya kuagwa, mhandisi kijana aitwaye Achieng aliniuliza swali ambalo kila fundi wa ndege huulizwa na majirani zake: je, ndege ya jeti yenye injini mbili inaweza kupaa kwa injini moja? Aliuliza kwa nia njema, ili mzee apate la kusema mbele ya keki. Nikamjibu, "Nani amekutuma?" Nikaweka kikombe chini, nikatoka nje.

Achieng, niwie radhi. Hukunikosea. Swali lako lina jibu fupi, na hilo ulishalisoma chuoni. Mimi nina jibu refu, nimekaa nalo tangu miaka ya vita vya shifta, na kila nikisikia swali lile damu hunichemka kama jana. Nimeamua kuliandika ninyi mnaobaki mlisome. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikunifundisha kitu.

Nilizaliwa Garissa, upande unaoitwa Galbet siku hizi. Baba yangu aliuza mbuzi, nami nilitarajiwa kuuza mbuzi. Nikaenda Nairobi kabla ya uhuru nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, nikapata kazi ya kufagia karakana ya kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Siku yangu ya kwanza niliangusha kopo lililojaa nati za saizi sita tofauti. Fundi mkuu, Balwant Singh, Kalasinga mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, alisimama juu yangu. Nikazikusanya na kuzipanga kwa vidole, saizi kwa saizi, bila kuzipima. Alipoona sikukosea hata moja, akanipokonya ufagio.

"Wewe hapana fagia tena," alisema. "Kesho kuja na nguo chafu."

Miaka miwili alinifanya nifunge waya tu. Ninyi mnaujua waya ule mwembamba unaofungwa kwenye vichwa vya bolti ili zisilegee angani. Kila nilipomaliza, aliukata akaniambia nianze upya. Baadaye akanipa plagi, halafu magneto, halafu silinda. Alikuwa mkali, na mnyimi wa sifa kupita kiasi. Lakini alinipa kanuni moja ambayo nimewaimbia ninyi nyote mpaka mkachoka nayo: "Hapana tia sahihi kitu ambayo mkono yako hapana gusa. Na kama mkono nagusa na nasema hapana, hata Mungu akikuja na kalamu, wewe sema hapana."

Vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka kujitenga, vilipoanza kule kwetu, barabara zikawa za kutegwa mabomu, na serikali ikakodi ndege zetu kupeleka barua, dawa na maofisa. Kampuni ilinituma Garissa kukaa na kuzihudumia kwa sababu nilijua lugha ya watu wa huko. Sababu hiyohiyo iliwafanya askari wasiniamini. Balwant alipokuja kukagua kazi yangu, alipita kizuizini na kilemba chake akasalimiwa. Mimi, niliyezaliwa umbali wa mwendo wa dakika kumi kutoka pale, nilivuliwa viatu. Kuna askari aliyeniuliza kila wiki nilikuwa natoka nchi gani. Wiki ya tano nikamjibu, "Natoka kwa mama yangu, pale, nyumba yenye mlango wa kijani." Nilipigwa kitako cha bunduki kwa jibu hilo, na sijutii.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu uliokwanguliwa katikati ya miiba. Nilikuwa na kibanda cha mabati, mapipa ya mafuta, sanduku la spana na kitabu cha kila ndege iliyopita mikononi mwangu. Ilipofika saa tano mchana spana zilikuwa hazishikiki kwa joto. Niliziweka ndani ya ndoo ya maji, na rubani mmoja aliyeniona akaniuliza kama nazipika.

Siku ninayotaka kuwaeleza, ndege yetu ya injini mbili za panga ilitua saa tatu asubuhi. Rubani alikuwa Mzungu kijana, mpole, mwoga wa kugombana. Tulimwita Kapteni. Alishuka akaniambia injini ya kulia ilikuwa inatetemeka tangu walipovuka mto. Nikafungua kifuniko. Sikuhitaji hata tochi. Kichwa cha silinda moja kilikuwa na ufa uliotoka kwenye tundu la plagi ukazunguka karibu nusu yake, na masizi meusi yamepakaa pembeni. Ukiwasha injini ya namna hiyo na kuipa nguvu zote, kichwa kinaweza kung'oka na kuwasha moto bawani. Nilimwonyesha Kapteni. Akasema, "Basi tumelala hapa." Nikaandika kitabuni kwamba ndege isiruke, nikatia sahihi.

Waliokuwa wakiingoja ndege ile walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa ofisa wa serikali, mtu mkubwa katika mambo ya usalama, aliyetakiwa mkutanoni Nairobi alasiri ile. Jina lake silitaji. Alishapewa heshima za kutosha alipokufa. Wa pili alikuwa Habiba, mwanamke wa miaka kama ishirini, aliyeletwa kwa machela kutoka hospitali. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake na mtoto hatoki. Daktari alikuwa ameandika barua kwamba apelekwe Nairobi akapasuliwe, kwa sababu pale hakukuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo. Mama yake alikuwa amepiga magoti kando ya machela, akimfunika uso na jua kwa shuka.

Nilikwenda kwa ofisa nikamwambia hali ilivyo. "Bwana, ndege hii haitoki leo. Lakini kituo cha polisi kina redio. Naomba waite Nairobi sasa hivi. Kampuni ina ndege nyingine, ikitoka sasa itatua hapa kabla ya saa sita."

"Redio ni ya usalama," alisema. "Si ya mafundi."

"Basi piga wewe mwenyewe, bwana. Si kwa ajili yangu. Yule mama anakufa."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Unaitwa nani?"

"Dahir."

"Dahir. Injini imepona safari nzima kutoka Nairobi. Imefika mikononi mwa Dahir, imekufa."

Nilimweleza kwamba ufa haukutengenezwa asubuhi ile, kwamba masizi yake yalikuwa ya siku nyingi. Alikuwa hanisikii. Aligeuka kwa Kapteni akamuuliza lile swali lako, Achieng. Alisema amesoma gazetini kwamba ndege za kisasa zenye injini mbili zinaruka hata kwa injini moja, na kama ni hivyo kwa nini tunakaa hapa kama mbuzi sokoni?

Hapo ndipo mama yake Habiba alipoinuka akanijia. Alinishika mkono, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini ili wengine wasimsikie akiomba: "Mwanangu, injini ni mbili. Moja imeharibika. Si moja imebaki?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi wa nchi mbalimbali. Hakuna lililonishinda kama hilo. Nilimwambia, "Hooyo, mama yangu, injini iliyobaki iko upande wa kushoto. Ikisukuma, inasukuma upande mmoja tu. Ndege itageukia kulia kabla haijaruka." Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeombwa maji akatoa maelezo. Akaniachia mkono.

Ninyi mnajua, lakini niseme kwa ajili ya wasiojua. Ndege ikiwa tayari ina kasi, usukani wa mkiani unapata upepo wa kutosha, na rubani anaweza kuuzuia mgeuko. Ikiwa imesimama, mkia hauna upepo, na usukani ni ubao tu. Ukipunguza nguvu ili usigeuke, hupati kasi. Ukiongeza, unageuka. Na mchana wa Garissa hewa ni nyepesi kwa joto, inanyima bawa na injini vyote kwa pamoja. Haya yote nilimwambia ofisa. Kapteni alisimama kando yangu anajua kwamba nasema kweli, akitazama viatu vyake.

Ofisa akamwambia, "Kampuni yenu inataka kuendelea na kazi hii au haitaki?"

Kapteni alinijia na kitabu. "Dahir, tutatoa mizigo yote. Ndege itakuwa nyepesi. Nitaongeza nguvu polepole. Huenda ikawezekana. Andika tu kwamba umeiona na kwamba injini ya kushoto ni nzima."

"Injini ya kushoto ni nzima," nikasema. "Ndege si nzima. Sitii sahihi."

"Yule mwanamke atakufa akibaki hapa."

"Piga redio, Kapteni. Mwambie apige redio!"

Nilipiga kelele. Ndilo kosa nililofanya siku ile, kama ni kosa. Askari wawili walinikamata, wakanifunga mikono kwa waya wangu mwenyewe, wakanichuchumaza kando ya mapipa. Ofisa alisema mbele ya watu wote kwamba shifta si lazima awe na bunduki, wengine wana spana. Machela ikapandishwa. Walipotaka kumzuia mama yake Habiba, aliwaambia kwa Kiswahili chake kisicho na herufi p, "Mimi nabanda na mtoto yangu. Kama nataka biga, biga." Wakamwacha apande, na ofisa naye akapanda.

Ilikuwa karibu saa sita. Panga la kulia limesimama, la kushoto likaanza kuzunguka. Kapteni akaongeza nguvu kidogo na pua ikaanza kugeukia kulia. Akashika breki ya kushoto, pua ikarudi, kasi ikapotea. Akaanza tena. Safari hii aliiendesha kwa uvumilivu ambao mpaka leo nausifu, maana alikuwa rubani mzuri aliyekubali kufanya jambo baya. Ndege ilikwenda mbio, nusu ya ukanda, ikavuka nusu, na bado magurudumu yako chini. Akaona miiba inakuja. Akafungua mafuta yote.

Iligeuka kana kwamba mtu ameishika kwa bawa la kulia. Ikatoka ukandani, gurudumu likazama kwenye mtaro, bawa likalala juu ya miiba, na panga la kushoto likajikunja udongoni kama majani ya ndizi. Vumbi lilisimama hewani muda mrefu. Nilikuwa nimefungwa, siwezi kukimbia. Nilibaki nachuchumaa, nikisikia mwanamke analia na sijui ni yupi kati ya wawili.

Hakuna aliyekufa papo hapo. Kapteni alipasuka paji la uso. Ofisa alivunjika mkono. Habiba alirushwa kutoka kwenye machela, mama yake akaangukia mbavu.

Na saa saba redio ikapigwa. Redio ileile, ya usalama, isiyo ya mafundi. Ofisa aliishika akihema, mkono mmoja umefungwa kwa kamba, akaomba ndege ije kumchukua, na saa tisa u nusu ndege ikatua. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu yoyote maishani mwangu. Angepiga nilipomwomba, ingekuwa imetua wakati ule wanapanda kwenye ile mbovu.

Ndege iliyokuja ilikuwa ndogo, ya injini moja, puani, katikati, mahali ambapo haigeuzi mtu. Ndani yake walikuwamo rubani na Balwant Singh. Balwant alikwenda moja kwa moja kwenye ndege iliyolala miibani, akafungua kifuniko cha kulia, akatazama. Halafu akaja mapipani akanitazama mimi na waya mikononi mwangu. Akasema, "Waya yangu hii. Nani nafunga mtu na waya yangu?"

Wakamwambia aachane nami. Nafasi katika ndege ile ilikuwa ya machela moja na kiti kimoja zaidi ya cha rubani. Ofisa alitaka kiti chake na askari wake wa kumlinda akae nafasi ya machela pamoja na mafaili. Habiba angojee ya kesho. Balwant alisikiliza mpaka mwisho. Akapanda, akatoa kitabu cha ndege ile, akakifungua juu ya bawa.

"Asubuhi mimi natia sahihi ndege hii nzima," alisema. "Sasa mimi naona haiko nzima. Iko na kasoro."

"Kasoro gani?" ofisa akauliza.

"Bado natafuta. Mama huyu akipanda, labda mimi hapana ona tena."

Rubani mpya, ambaye sikumjua na sikumwona tena, akasema kwa utulivu kwamba bila sahihi ya fundi harushi. Ofisa alitukana matusi ambayo siyaandiki. Lakini mkono ulikuwa unamuuma, na jua linashuka. Machela ikapandishwa. Ofisa akakalia kiti kilichokuwa cha Balwant. Mama yake Habiba hakupata nafasi, akabaki ukandani ameshika mbavu zake. Balwant naye akabaki, kwa kuwa alikuwa ametoa kiti chake, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimebaki.

Nilikaa mahabusu siku tisa. Yaliyofanyika mle ndani miguu yangu inayajua kila msimu wa mvua. Balwant aling'oa ile silinda, akaifunga kwa gunia, akaipeleka kituoni kila siku. Aliketi benchi la nje akiwa ameipakata, akimwambia kila aliyepita aguse ufa, aone masizi yalivyoganda ndani, kitu ambacho hakifanyiki kwa asubuhi moja. Siku ya tisa inspekta aliingiza kidole chake mwenyewe. Akakiangalia cheusi kilivyo, akasema nifunguliwe. Hakuna aliyeniomba radhi. Balwant alinisaidia kutembea mpaka kibandani, akaniambia, "Wewe nafanya kazi vizuri." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Ripoti ilipotoka, alinionyesha. Kapteni alikuwa ameandika kwamba injini ya kulia ilizimika ghafla ndege ikiwa tayari katika mbio za kupaa. Achieng, unaona walichofanya? Injini ikizimika katikati ya mbio, hilo ni tukio, halina mwenyewe. Ndege ikiondoka na injini iliyokwisha kufa, hiyo ni amri, na amri ina mtu. Kwa sentensi moja walikihamisha kifo cha injini kutoka kabla ya mbio hadi katikati yake, na hakuna aliyeulizwa chochote. Ukurasa wenye sahihi yangu ulikuwa umechanwa kitabuni. Na waliokuwamo ndegeni waliorodheshwa wanne: rubani, ofisa, mgonjwa na mama wa mgonjwa.

Baadaye nikaja kwenye jeti, miaka zaidi ya ishirini pamoja nanyi. Kwa hiyo hili ndilo jibu. Jeti ya injini mbili ikipoteza moja baada ya kuvuka ile kasi ya uamuzi, ambayo ukiipita huwezi tena kusimama ukandani, inaweza na ni lazima iweze kumaliza kupaa. Imepimwa na kuthibitishwa kwa hilo, na marubani hulifanyia mazoezi mpaka wanalifanya bila kutoa jasho. Lakini kuanza mbio na injini moja iliyokufa, hapana. Mtaambiwa kwamba jeti tupu, kwenye njia ndefu na asubuhi ya baridi, ingeweza kujikokota ikapaa. Kwa hesabu, pengine. Lakini hakuna kibali kinachoruhusu, na kuna watu watakaowaletea kalamu wakiwaambia kuna mtu anakufa. Wengine watakuwa wanasema kweli. Waulizeni kwanza redio iko wapi.

Nilirudi Garissa kumzika mama yangu, miaka michache kabla ya kustaafu. Siku ya tatu ya matanga alikuja mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa nguo kutoka mtaa wa Waberi. Alitoa pole zake kwa wanawake, kisha akaomba kusema nami uani.

"Mimi ni Habiba," alisema. "Yule wa ndege."

Nilijua kwamba alipona na kwamba mtoto hakupona. Balwant aliulizia hospitalini. Sikuwahi kwenda kumwona. Niliogopa uso wa mama yake.

"Walaal, ndugu yangu, nimekaa nikikuchukia miaka yote hii," akasema. "Tuliambiwa fundi wetu wenyewe ndiye aliyeharibu ndege. Mama amekufa anaamini hivyo. Nimesikia mama yako ametangulia, nikasema nije nikuulize mbele ya Mungu."

Nikamweleza. Ufa, masizi, sahihi, redio. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye redio.

"Ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Saa ngapi uliomba?"

"Saa tatu na nusu."

Nilimwambia na habari za ripoti, jinsi ilivyosema, na wale wanne walioandikwa. Akainua kichwa haraka.

"Wanne?"

"Rubani, ofisa, wewe na mama yako."

"Asubuhi ile mtoto alikuwa anacheza tumboni," alisema. "Saa tatu na nusu alikuwa anacheza. Nilipolazwa ndani ya ndege alikuwa anacheza. Alinyamaza tulipogonga." Akanielekezea kidole, na hasira ile haikuwa tena juu yangu. "Wewe ni mtu wa kuandika kwenye vitabu. Andika sawasawa."

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikwenda kwenye ofisi yenye majalada ya zamani nikaomba ripoti ile irekebishwe. Karani alikuwa na adabu. Alisema jalada limefungwa, na kwamba waliohusika wote wamekufa au wamestaafu, sasa itamsaidia nani?

Nimekuja nyumbani nimeandika haya. Injini ya kulia ilikuwa imekufa kabla ndege haijaondoka. Fundi alikataa kutia sahihi. Redio ilikuwa nzima. Na ndani ya ndege ile walikuwamo watu watano.